Askari wa Baiskeli Katika Milima ya Yellowstone

Karibu kila nyumba ya askari ina baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Alfajiri baba huipanda kwenda zamu, mchana mama humtuma kijana nayo kwenye mashine ya kusaga, na jioni watoto huigombania uwanjani mpaka mnyororo utoke. Ni chombo cha kawaida mno hata hakuna anayekitazama mara mbili. Kwa hiyo msomaji akiambiwa kwamba palikuwa na wakati ambapo wakuu wa majeshi walibishana kwa dhati kama baiskeli yafaa kuchukua nafasi ya farasi vitani, huenda akacheka. Lakini mabishano hayo yalikuwapo, na huko Marekani waliotumwa kuyapatia jibu kwa jasho lao walikuwa askari weusi. Mwezi wa Agosti 1896 wanane kati yao, wakiongozwa na luteni mmoja, walipanda baiskeli zilizosheheni mizigo wakavuka milima ya Rocky mpaka ndani ya Yellowstone, hifadhi ya taifa iliyo kongwe kuliko zote duniani.

Siku hizi kupanda milima kwa baiskeli ni mchezo wa vijana, na baiskeli zake zina gia chungu nzima, springi mbele na nyuma, na matairi mapana yenye meno. Mwenye nazo huchagua siku njema, hubeba chupa ya maji, na akichoka hurudi nyumbani. Wale askari hawakuchagua siku wala njia. Walikuwa kazini.

Kambi yao, Fort Missoula, ilijengwa mwaka 1877 katika jimbo la Montana, kwenye bonde lililozungukwa na milima. Tangu 1888 kambi hiyo ilikuwa makao ya Rejimenti ya 25 ya Askari wa Miguu. Hii ilikuwa mojawapo ya rejimenti nne za watu weusi zilizobaki katika jeshi la Marekani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Askari wote walikuwa weusi, na maofisa karibu wote walikuwa Wazungu. Wenyeji wa asili wa nchi hiyo waliwaita askari hao kwa jina la nyati, na jina hilo limewaganda hata katika vitabu vya historia. Mshahara wa askari wa chini ulikuwa dola 13 kwa mwezi, chakula na nguo juu ya serikali. Si fedha nyingi, ila kwa mtu ambaye pengine wazazi wake walizaliwa utumwani, sare ilikuwa na heshima ambayo shamba la mtu mwingine halikuwa nayo.

Luteni mwenyewe, James Moss, alikuwa kijana wa Kizungu kutoka Louisiana, aliyehitimu chuo cha maofisa cha West Point mwaka 1894 akiwa wa mwisho katika darasa lake. Yaelekea ukweli huo haukumsumbua sana. Alipenda baiskeli kupita kiasi, na hoja zake kwa wakuu wake zilikuwa za mtu aliyefikiri. Baiskeli, alisema, haili majani wala nafaka. Haipigi kelele, na vumbi lake ni dogo, hivyo adui haioni kwa mbali. Alama ya magurudumu yake haionyeshi kwa urahisi mpandaji ameelekea upande gani. Jenerali Nelson Miles, aliyekuwa mkuu wa jeshi lote, aliipenda baiskeli pia, na ruhusa ikatolewa. Kampuni ya Spalding ikatoa baiskeli bila malipo, nayo kampuni bila shaka ilijua thamani ya tangazo la namna hiyo.

Hizo baiskeli zilitengenezwa kwa kazi ngumu: rimu za chuma badala ya mbao, uma ulioongezwa unene, kifuniko cha kukinga mnyororo, na karia ya mizigo. Kila moja ilikuwa na uzito wa kama kilo 14 na nusu. Ilipokwisha kufungwa mizigo uzito ulifika kama kilo 27, na hapo hatujamhesabu mpandaji. Kwenye usukani palifungwa blanketi na kipande cha hema. Ndani ya fremu palikaa kasha gumu la ngozi lenye chakula na vyombo, na nguo za ndani, soksi, sabuni, taulo na mswaki navyo vilipata mahali. Juu ya yote hayo kulikuwa na bunduki na risasi. Hazikuwa na gia za kubadilisha. Mlima ulipandwa kwa nguvu ya mapaja, na nguvu ya mapaja ikiisha, ulipandwa kwa miguu huku chombo kikisukumwa.

Mafunzo yalianza kambini, nayo yalikuwa makali. Kikosi kilifundishwa kuruka uzio wenye kimo cha kama mita 2 na sentimita 70 pamoja na baiskeli zao kwa sekunde 20. Ufundi wenyewe ni rahisi kuueleza kuliko kuutenda: mmoja huegemeza chombo chake uzioni, hupanda juu yake, huruka ng'ambo, na wenzake humpokeza baiskeli moja moja. Mtoni, ikiwa maji yalikuwa haba, walivuka juu ya tandiko. Yakiwa mengi, walipitisha mti katikati ya baiskeli, watu wawili wakaubeba mabegani kama wabebao mnyama aliyewindwa.

Safari ya kwanza ya majaribio, mwanzoni mwa Agosti 1896, ilikuwa ya kwenda Ziwa McDonald na kurudi, kilomita kama 200 kwa siku nne. Mvua iliwanyeshea, upepo ukawakabili, tope likajaa kati ya gurudumu na uma hata magurudumu yakakataa kuzunguka. Matairi yalitoboka, pedali zikalegea, minyororo ikakatika. Kila mwenye kuijua njia ya udongo mwekundu wakati wa masika anaelewa bila kuongezewa neno. Waliporudi walipewa siku chache tu za kupumzika na kutengeneza vyombo vyao. Tarehe 15 Agosti wakaondoka tena, safari hii kuelekea Yellowstone.

Kwenda na kurudi kulikuwa karibu kilomita 1,300. Katika barabara za siku hizo, kama yafaa kuziita barabara, umbali huo haukupimwa kwa maili bali kwa namna ya ardhi iliyo chini ya gurudumu. Mahali penye mchanga walishuka. Penye mawe walishuka. Mara nyingi njia iliyo afadhali ilikuwa reli, nao wakapanda baiskeli juu ya mataruma, kila taruma likipiga tumbo na mgongo, mchana kutwa. Anayetaka kujua utamu wake na ajaribu mita 100 tu. Walivuka mgongo wa bara, yaani ule ukingo wa milima ya Rocky ambapo mvua ikinyesha upande mmoja maji huishia bahari ya Pasifiki, na ikinyesha upande wa pili huishia Atlantiki. Kupanda kuliwachosha, na kushuka kuliwatisha, kwa maana baiskeli yenye mzigo mzito usukanini ikishika mteremko haisikilizi breki. Kwa jambo hili wanaoishi nchi za milima na kuteremsha mikungu ya ndizi kwa baiskeli hawana la kujifunza kutoka kwa Luteni Moss. Nao hujua kwamba breki hubanwa na kuachiwa, hubanwa na kuachiwa, na kwamba mwenye kuibana moja kwa moja kutoka juu hadi chini hufika bila breki.

Katika kikosi alikuwapo askari John Findley, ambaye kabla ya kuvaa sare alifanya kazi katika kiwanda cha baiskeli huko Chicago. Huyu ndiye aliyekuwa fundi. Wenzake walipofika kituoni na kujinyoosha, yeye alianza kazi ya pili, kuziba pancha, kukaza spoki, kunyoosha pedali. Historia huwakumbuka maofisa, lakini hapana shaka kwamba bila mtu wa namna hii safari ingekomea siku ya tatu.

Katika vijiji walimopita watu walitoka nje kuwatazama. Wengi hawakuwa wamepata kuona baiskeli nyingi kiasi hicho kwa pamoja, na wengine hawakuwa wamepata kuona watu weusi wenye bunduki za serikali. Moss mwenyewe alisimulia kwamba mtu mmoja aliuliza wanakwenda wapi, akajibiwa na askari mmoja kuwa hilo alijua Mungu peke yake, wao walikuwa wakimfuata luteni. Kila aliyewahi kupanda lori la jeshi usiku bila kuambiwa liendako atalitambua jibu hilo.

Mwishowe wakafika mlango wa kaskazini wa hifadhi.

Yellowstone ilitangazwa kuwa hifadhi tarehe 1 Machi 1872, Rais Ulysses Grant alipotia sahihi sheria yake. Kabla ya hapo hakuna serikali iliyokuwa imetenga nchi kubwa namna hiyo kwa jina la hifadhi ya taifa. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 9,000, sehemu kubwa ikiwa uwanda wa juu wenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000. Chini yake kuna moto wa volkeno, na juu yake kuna chemchemi na matundu ya mvuke yapatayo 10,000. Chemchemi zirukazo, zile ambazo hutupa maji ya moto angani kwa vipindi, ni zaidi ya 500, kama nusu ya zote zilizoko ulimwenguni. Si kwamba nchi hiyo haikuwa na wenyewe. Wenyeji wa asili waliwinda humo kwa maelfu ya miaka, na mwaka 1877, miaka mitano tu baada ya sheria, watu wa kabila la Nez Perce walipita katikati ya hifadhi wakilikimbia jeshi, wake na watoto wakiwa pamoja nao.

Sheria iliyoandikwa mji mkuu haimtishi jangili aliye msituni. Katika miaka ya mwanzo hifadhi haikuwa na walinzi wa kutosha wala fedha, wageni wakavunja mawe ya chemchemi kwa nyundo wapeleke nyumbani, na wawindaji wakaua wanyama kwa ajili ya ngozi. Mwaka 1886 serikali ikakabidhi ulinzi wote kwa jeshi. Kapteni Moses Harris akaingia na kombania moja ya askari wa farasi, kwa kazi iliyodhaniwa kuwa ya muda. Jeshi likakaa humo miaka 32, hadi 1918. Mwaka 1891 lilianza kujenga kambi ya kudumu, Fort Yellowstone, mahali paitwapo Mammoth.

Kazi ya askari hao inawahusu sana wasomaji wa gazeti hili walio walinzi, kwa kuwa ilikuwa ya kijeshi na ya kipolisi kwa wakati mmoja. Wakati wa kiangazi waliwaangalia wageni na kuzima moto wa msitu. Wakati wa baridi walipita theluji kwa mbao za kuteleza, wakilala katika vibanda vidogo vilivyo mbali mbali, kuwasaka majangili wa nyati wa Marekani ambao walikuwa wamebaki wachache mno. Mwezi wa Machi 1894 jangili mmoja, Edgar Howell, alikamatwa karibu na mizoga ya nyati aliowaua. Likaonekana jambo la aibu: hapakuwa na sheria ya kumfunga. Adhabu kubwa kuliko zote ilikuwa kumfukuza hifadhini. Habari ilipofika magazetini wananchi walikasirika, na tarehe 7 Mei mwaka huo huo sheria mpya ikapitishwa, yenye kifungo cha hadi miaka miwili na faini ya hadi dola 1,000. Howell alirudi hifadhini kiangazi hicho hicho, naye akakamatwa.

Hiyo ndiyo nchi walimoingia askari wa baiskeli miaka miwili baadaye, wageni wa wanajeshi wenzao.

Kutoka mlango wa kaskazini mpaka Mammoth ni kilomita kama 8, na katika kilomita hizo barabara hupanda karibu mita 300. Ni namna ya Yellowstone ya kumkaribisha mpanda baiskeli. Mammoth penyewe pana matuta ya chokaa meupe, yaliyopangana kama ngazi za jumba la kifalme, na maji ya moto hutiririka kutoka ngazi hadi ngazi yakiacha rangi za machungwa na za kahawia. Hapo, kwenye tuta liitwalo Minerva, mpiga picha wa hifadhi, F. Jay Haynes, aliwapiga picha ambayo imebaki mpaka leo. Wamesimama juu ya chokaa, kila mtu na baiskeli yake, kofia vichwani. Nyuso zao hazina tabasamu. Picha za siku hizo zilitaka mtu atulie, na pengine miguu ilikuwa ingali inauma.

Kusini ya Mammoth barabara ya wageni huanza kupanda tena, na hapa ndipo palipokuwa na sehemu ya kutisha kuliko zote. Mahali paitwapo Golden Gate bonde hubana mpaka ukuta wa mwamba unasimama wima upande mmoja, na upande wa pili ni shimo. Wahandisi wa jeshi katikati ya miaka ya 1880 hawakupata nafasi ya kuchonga barabara, basi wakajenga daraja la mbao lililoning'inia kandokando ya mwamba. Mwaka 1896 daraja hilo la mbao ndilo lililokuwa likitumika bado. La saruji lilikuja mwaka 1900. Mpandaji alipofika juu alitokea kwenye uwanda wenye mwinuko wa mita 2,200 hivi, upepo mtupu na milima kila upande. Mbele zaidi kuna Jabali la Obsidiani, mwamba wa kioo cheusi cha volkeno. Wenyeji wa asili walichonga humo visu na vichwa vya mishale tangu zamani za kale. Waliofungua njia hapo mwaka 1878 walilazimika kuwasha moto juu ya mawe na kuyamwagia maji baridi ili yapasuke, na barabara iliyotokea ikajulikana kama barabara ya kioo. Kwa kwato za farasi ilikuwa ajabu. Kwa matairi ya mpira mwembamba wa 1896, msomaji ajipatie jibu mwenyewe.

Adui mwingine wa mpanda baiskeli alikuwa farasi. Wageni matajiri walizungushwa hifadhini kwa magari ya farasi, na farasi asiyezoea baiskeli akiiona ikimjia kwenye kona ya mlima huweza kumwaga abiria wote bondeni. Kanuni za hifadhi zilizochapishwa mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa wazi: mpanda baiskeli akikutana na gari la farasi, ashuke na asimame kando, yeye mwenyewe akiwa katikati ya baiskeli na farasi. Na akitaka kulipita kutoka nyuma, amwulize kwanza mwenye gari kama farasi wake ni waoga. Ni adabu ambayo baadhi ya madereva wa leo wangefaidika nayo.

Usiku wa Agosti katika mwinuko huo ni wa baridi kali, hata kama mchana jua liliunguza. Blanketi moja na kipande cha hema ndivyo walivyokuwa navyo. Mlo wa kikosi ulikuwa ule wa jeshi zima la siku hizo: nyama ya nguruwe iliyokaushwa, maharage ya kopo, unga wa ngano na hamira ya unga kwa kupika mkate juu ya moto, sukari, chumvi, na kahawa. Kahawa ilikuwa nyingi.

Mwanzoni mwa Septemba walikuwa wamerudi Fort Missoula. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyetoroka, na baiskeli zilikuwa zingali zikizunguka. Moss aliona majaribio yamefaulu, akaomba safari kubwa zaidi. Tarehe 14 Juni 1897 aliondoka na askari 20, daktari mmoja, na kijana wa gazeti aliyetumwa kuandika habari, kuelekea mji wa St. Louis, kilomita zipatazo 3,060. Kila mtu alibeba chakula cha siku mbili, na akiba nyingine ilitangulizwa kwa treni katika vituo vya njiani. Huko Nebraska, kwenye vilima vya mchanga, joto lilifika kiwango ambacho kwa hesabu ya leo ni nyuzi 43, na maji ya visima yenye magadi yaliwaumiza matumbo mmoja baada ya mwingine. Luteni mwenyewe aliugua akaachwa nyuma kwa siku kadhaa. Tarehe 24 Julai, siku ya 41, waliingia St. Louis, na maelfu ya watu wakatoka kuwalaki.

Wakarudishwa kwa treni. Mwaka uliofuata vita na Hispania vikaanza, rejimenti ikapelekwa Cuba, na kikosi cha baiskeli hakikufufuliwa. Magari ya petroli yalikuwa yakikaribia, na hoja ya farasi na baiskeli ikajifia yenyewe. Moss aliendelea kupanda vyeo na kuandika vitabu vya mafunzo ya jeshi. Na askari?

Safari ya 1897 alikuwamo Sajini Mingo Sanders, mwenye umri wa kama miaka 39, mkubwa kuliko wenzake wote, ambaye alikuwa jeshini tangu 1881. Huyu hakuwa kati ya wale wanane wa Yellowstone, lakini yaliyompata yeye yangeweza kumpata yeyote kati yao. Alipigana Cuba, kisha Ufilipino. Mwezi wa Agosti 1906 kombania yake ilikuwa Brownsville, katika jimbo la Texas, ambako watu wa mji hawakutaka askari weusi hata kidogo. Usiku wa tarehe 13 risasi zilipigwa mjini, mtu mmoja akafa na ofisa wa polisi akajeruhiwa. Wananchi wakasema ni askari. Maofisa wao Wazungu wakasema askari wote walikuwa kambini. Hakuna hata mmoja aliyefikishwa mahakamani, na kwa kuwa hapakuwa na aliyemtaja mwenzake, ikasemwa wote wanafichana. Mwezi wa Novemba Rais Theodore Roosevelt akawafukuza jeshini askari 167 kwa amri moja, bila heshima na bila pensheni. Sanders alikuwa mmoja wao, baada ya utumishi wa miaka 25, akiwa amebakiza muda mfupi kustaafu.

Sanders alieleza kwamba huko Cuba aliwagawia biskuti za jeshi askari wa Roosevelt mwenyewe walipokuwa na njaa. Aliomba arudishwe kazini. Alikataliwa. Alifariki mwaka 1929, na amri ile ilikuwa ingali imesimama. Jeshi la Marekani liliifuta mwaka 1972, baada ya uchunguzi mpya, likawarudishia wote heshima yao. Wakati huo karibu wote walikuwa makaburini, na fidia ya dola 25,000 ilimkuta mzee mmoja tu, Dorsie Willis, aliyefukuzwa akiwa kijana na sasa akiwa na miaka zaidi ya 80.

Haifai kudhani kwamba kila askari mweusi wa zama hizo alipata mwisho wa namna hiyo. Mwaka 1903 Kapteni Charles Young, mmoja wa maofisa weusi wachache sana wa jeshi hilo, alipewa usimamizi wa hifadhi ya Sequoia huko California. Kwa kiangazi kimoja askari wake walikamilisha barabara mpaka kwenye msitu wa miti mikubwa, kazi ambayo waliomtangulia hawakuimaliza kwa miaka kadhaa. Lakini Young alikuwa na cheo cha ofisa. Sanders alikuwa na michirizi mkononi, na jina lake lilikuwa ndani ya orodha ya majina 167.

Mwaka 1974 kundi la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Montana liliifuata kwa baiskeli ile njia ya 1897 mpaka St. Louis, na mwaka 2022, miaka 125 baada ya safari yenyewe, mpanda baiskeli mmoja akairudia tena.

Yellowstone nayo ingali inapokea baiskeli, kwa masharti. Hairuhusiwi kuzipeleka katika njia za miguu za porini. Zinakwenda barabarani na katika njia chache zilizotengwa. Mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, theluji ikiwa imeondolewa na magari ya wageni yakiwa bado hayajaruhusiwa, baadhi ya barabara hufunguliwa kwa wapanda baiskeli, nao hupanda toka Mammoth kupitia Golden Gate kama walivyopanda wazee wao, ila juu ya lami. Anayekutana na nyati asimame mbali naye mita 23 au zaidi, na dubu au mbwa mwitu mita 91. Nyati akilala katikati ya barabara, safari hungoja mpaka ainuke.

Na tuta la Minerva lipo. Maji yake huhama hama, mwaka huu yanatiririka na mwaka mwingine yamekauka. Wageni hulitazama wakiwa juu ya njia ya mbao, kwa kuwa chokaa ile ni nyepesi na chini yake maji huchemka, na kuikanyaga ni kosa la kushtakiwa. Anayetaka kupiga picha pale waliposimama askari wanane huiacha baiskeli yake barabarani, hupanda ngazi kwa miguu, na kusimama nyuma ya kitalu.